Rangi Namba 47 kwenye Kidole cha Wendell

Quezon City
12 Julai 1993

Mpendwa mdogo wangu Inday Puring,

Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu na la Mama Maria. Hujambo wewe? Nanay, mama yetu, naye hajambo, goti lake limetulia, au bado linajua habari za mvua kabla ya redio? Na shemeji Burcio na tanuri lake la mkate, na yule nguruwe mliyemnunua Pasaka? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Mvua imenyesha siku tisa mfululizo na viatu vyangu vya Misa vimeota kitu cha kijani ambacho sijathubutu kukigusa.

Mwambie Nanay nimemwashia San Roque mshumaa katika kanisa la huku. Lakini sanamu ya mtakatifu huyu ya huku haifikii ile ya madhabahu yetu ya nyumbani. Mbwa wake amebeba mkate mdomoni kama wetu, ila mkate wenyewe unafanana na tofali. Nanay bado anakataza mtu asimfute vumbi yule mbwa wetu?

Kazini wananicheka kwa ajili yenu. Asubuhi tukinywa kahawa, mimi huupasua mkate wangu nikachungulia ndani kabla ya kuula, kama tunavyofanya wote huko Lanipao. Ludy ninayekaa naye meza moja akaniuliza, "Aling Nila, unatafuta nini humo, mume?" Nikamwambia kwetu ndiyo baraka ya mkate, asiyechungulia hapati bahati. Akasema, "Na wewe umechungulia miaka mingapi?" Nikamwambia anywe kahawa yake inapoa. Kumwambia mjane maneno hayo saa mbili asubuhi.

Sasa jambo lenyewe. Kazi yangu unaijua. Wamarekani wanatunga katuni kwao, sisi huku tunaichora na kuipaka rangi. Mimi ni wa kupaka. Naletewa plastiki nyembamba yenye mistari, naigeuza, napaka kwa nyuma, namba kwa namba, kama karatasi ya rangi inavyoagiza. Wendell akinyanyua kijiko mpaka mdomoni, hizo ni plastiki ishirini. Miaka mitatu nampaka Wendell. Nimekwisha kukueleza, yule baba mnene mwenye pua kama biringanya, anayeuza mashine za kukatia majani, na mkewe Dottie mwenye nywele za ghorofa tatu. Nawajua kuliko majirani zangu.

Tatizo ni kwamba vipande haviji kwa mpangilio. Leo napaka mwisho, kesho mwanzo, na katikati iko meza nyingine. Hadithi yenyewe hatupewi. Na wiki iliyopita kimekuja kipindi kipya, Inday, na ndani yake kuna mwanamke.

Anaitwa Vonda. Anaendesha gari la aiskrimu. Nywele namba 12, midomo namba 31, na gauni ambalo limetumia rangi kidogo mno. Wendell anamtazama. Najua anamtazama kwa sababu macho yake nimeyapaka mimi, plastiki arobaini, na hayapepesi hata mara moja. Mtu mwenye mke na watoto watatu. Nimerudi nyumbani sikuweza kula.

Niombee, nami namwombea Wendell. Niandikie habari za nyumbani.

Manang wako,
Nila

*

Lanipao
5 Agosti 1993

Mpendwa dada yangu, Manang Nila,

Salamu za upendo. Sisi sote tu wazima. Goti la Nanay lina nguvu za kutosha kwenda kucheza bingo, ila halina nguvu za kutosha kurudi, lazima akachukuliwe. Mbwa wa San Roque bado ni wake peke yake. Juzi nilimkaribia na kitambaa, nikachapwa kofi la mkono, mimi mwenye miaka arobaini na moja. Nguruwe amekula soksi ya Burcio. Burcio mwenyewe ni mzima. Najua ni mzima kwa sababu mkate unatoka.

Habari mpya ni kwamba kwaya imepata mwalimu, Maestro Evaristo, ametoka Iloilo mjini kutuandaa kwa Misa za alfajiri za Noeli. Manang, ungemwona. Maestro huvaa viatu vyeupe, na Lanipao hii yenye matope yote vinabaki vyeupe. Maestro anasema sauti yangu ni asali iliyomwagwa juu ya kengele. Sijui maana yake nini, lakini nimeifikiria sana. Maestro amesema nisimame mstari wa mbele. Na mkate wetu, Maestro haupasui. Tulimwambia, "Maestro, chungulia kwanza, ni baraka," akacheka, akauma mzima mzima, kama mtu asiyeogopa kitu duniani. Maestro pia anapiga gitaa.

Nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Juzi tulikuwa tunakula nikatazama mikono. Pete yangu imeisha, imekuwa nyembamba kama uzi, maana inafua, inasugua masufuria, inamwogesha Nanay. Ya Burcio inang'aa kama imetoka dukani jana. Tumevishana siku moja, Manang, miaka kumi na saba iliyopita. Tena kila akikanda unga anaivua na kuitundika kwenye msumari ukutani. Ndoa yetu inashinda msumarini. Nikajiambia, pete isiyochakaa ni ya mtu asiyeibeba.

Basi, yasikusumbue. Kuhusu Wendell wako, Manang, huyo ni rangi. Mwache ale aiskrimu.

Mdogo wako,
Puring

Je, alipanda kwenye gari la yule mwanamke?

*

Quezon City
24 Agosti 1993

Mpendwa Inday,

Salamu, na Mungu akuzidishie afya. Nanay mpe pole ya goti, nguruwe mpe pole ya soksi. Mimi nina mafua kidogo, nakunywa tangawizi.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unajua kazi yangu ni kuona rangi iliyozidi. Katika barua yako Maestro Evaristo umemtaja mara saba. Burcio umemtaja mara tatu, na moja ni ya soksi. Sisemi kitu. Nimehesabu tu.

Asali ikimwagwa juu ya kengele, kengele hailii. Inanata. Waulize mafundi.

Kuhusu pete ya Burcio kung'aa, huku mvua bado inanyesha.

Sasa sikiliza yaliyonipata. Jumatatu nimeletewa rundo jipya, mkono wa Wendell. Karatasi ya rangi inasema kuanzia kipande cha 88, kidole cha pete, rangi ya ngozi. Ngozi tupu. Miaka mitatu nampaka pete namba 47, dhahabu, na leo wananiambia ngozi.

Nikamwuliza Ludy, "Hili ni kosa la karatasi au ameivua?"

"Ameivua."

"Unajuaje?"

"Aling Nila, nimeolewa mara mbili. Mkono wa aliyeivua naujua. Paka ngozi twende tukale."

Sikwenda kula. Nilikaa pale na brashi mkononi. Nikafikiri, hawa Wamarekani wako mbali, huenda aliyeandika karatasi alikuwa amechoka, huenda ana matatizo kwake. Nikafungua kikopo cha namba 47. Nikamvisha Wendell pete. Plastiki ya kwanza nikasema Salamu Maria moja, ya pili nyingine, mpaka rundo likaisha, na siku ya pili rundo jingine. Moja kwa ajili ya Wendell, moja kwa ajili ya mtu mwingine ambaye simtaji.

Niandikie upesi. Na uandike na alichosema Burcio, hata kama ni kidogo.

Manang wako,
Nila

*

Lanipao
29 Septemba 1993

Manang Nila,

Salamu. Samahani kwa kuchelewa, nguruwe aliumwa. Sasa amepona. Nanay hajambo. Nakutumia biskocho za Burcio, zile za mkate mkavu, kama zimevunjika ni posta.

Mimi si katuni. Usiniombee kwa brashi.

Maestro ni mtu wa Mungu na sitamtaja tena katika barua hii. Tarehe 16 Oktoba kwaya imealikwa kuimba kwenye sikukuu ya Bacolod, kuvuka kwa meli na kulala huko usiku mmoja, labda miwili. Wanakwenda waimbaji sita. Kwa vile wengi wana kazi, huenda wakawa wanne. Tiketi zimepatikana za watu wawili. Mwalimu wa kwaya, ambaye simtaji, amesema sauti nzuri zikiwa chache zinasikika vizuri zaidi.

Nimemwambia Burcio. Unataka kujua alichosema. Alisema, "Haya." Ndiyo hiyo barua nzima ya mume wangu. Nikasimama pale nikisubiri lingine, akanisogeza kidogo ili achukue sinia. Manang, angeniambia hata usiende. Angeniuliza hata nitavaa nini.

Na wewe mbona hukunijibu kuhusu pete? Nimekuandikia kitu ambacho sijamwambia hata padre, wewe unanijibu mvua.

Usimwandikie Nanay lolote.

Puring

Kama unajua, niambie Wendell alirudi nyumbani au hakurudi. Si kwamba inanihusu.

*

Quezon City
7 Oktoba 1993

Mpendwa Inday Puring,

Salamu. Leo sitauliza goti la mtu. Barua hii naituma kwa njia ya haraka, na nimemwomba San Roque amkimbize tarishi.

Nimepatikana. Yuko hapa msimamizi kutoka Marekani, Bwana Purdy, mrefu mpaka huinamia milango yetu yote. Jumatano iliyopita walijaribu filamu, nusu ya kwanza, kuona rangi. Tukaitwa wapakaji wote. Pale ukutani Wendell analia, anatambaa chini ya meza, anainua mazulia, anapekua taka, anatafuta pete yake. Na pete iko kidoleni. Inang'aa kama jua. Anajifuta machozi kwa mkono uleule. Ludy alianza kucheka akashindwa kunyamaza, wakamtoa nje.

Bwana Purdy akauliza taratibu, "Nani amepaka mkono?"

Nikasimama. Nikasema, "Mimi, bwana."

"Kwa nini?"

"Ana mke, bwana."

Akajifuta jasho usoni. Sidhani alikuwa na hasira, nadhani alikuwa amechoka na joto. Ndipo akanieleza hadithi, na ni yeye wa kwanza kunieleza hadithi yoyote tangu nianze kazi hii. Wendell hakuivua. Alikuwa anajionyesha kwa Vonda, anatikisa mkono juu ya mashine ya aiskrimu kama kijana, pete ikachomoka ikatumbukia. Aiskrimu ikauzwa mji mzima. Sasa anakimbia mtaa kwa mtaa anamwomba kila mtu achungulie koni yake kabla ya kulamba, na anaona aibu kusema kwa nini.

Inday, niliposikia hayo niliketi. Sikuketi kwa sababu ya Wendell.

Siku nne nimekaa na kijiti cha mwanzi nikikwangua dhahabu kwenye vidole. Nimevunja ndoa moja mara mia tatu na kumi na moja. Jana nimemaliza, nikaenda kuungama. Nikamwambia padre nimempa mtu pete isiyo yake. Akauliza, "Mara ngapi?" Nikasema mia tatu na kumi na mbili. Nikasikia kiti chake kikilia. Nikamweleza yote, ya Wendell na ya pili, ile iliyoniketisha. Nikamwuliza, niliahidi kutosema, niseme? Akasema, "Mama, aliyekuomba unyamaze alitaka mkewe asilie. Sasa analia au halii?" Basi naandika.

Pete ya Burcio inang'aa kwa sababu ina miaka tisa tu.

Mwaka 1984, mwezi ule tuliomzika baba yetu, Tatay, Burcio aliniandikia barua. Ndiyo barua pekee aliyoiandika maishani, nadhani, mistari sita. Pete ilikuwa imemchomoka kidoleni kwenye unga. Alipogundua, mikate mia nne ilikuwa imekwisha kuoka na kuuzwa. Akasimama mlangoni mwa duka, yeye asiyesema, akamwambia kila mtu, "Pasua kwanza. Chungulia. Ni baraka." Hakupata kitu. Siku ya tatu wazee wakawa wameanza kusema ndiyo desturi ya San Roque tangu enzi za babu zao, na yeye akaona haya kukanusha. Mji mzima unachungulia mkate mpaka leo kwa sababu ya mumeo, nami nachungulia hapa Manila, nachekwa.

Ndani ya barua aliweka kipande cha uzi kilichopigwa fundo, kipimo cha kidole chake. Nilitembea maduka ya Quiapo na Binondo Jumamosi tatu na picha yenu ya arusi mkononi, mpaka nikapata pete ileile, unene uleule, na mstari ule mdogo pembeni. Aliniapisha nisikuambie. Na tangu siku hiyo haweki tena mkono wenye pete kwenye unga. Msumari ule unaoulaani, Inday, ni woga.

Sikuambii usiende Bacolod. Wewe ni mtu mzima na sauti yako kweli ni nzuri. Unaniuliza kama Wendell alirudi. Sijui. Kipande cha mwisho nilichopaka, Vonda amemwambia waende ufukweni ambako hakuna anayeulizwa pete, na Wendell ameweka mguu mmoja kwenye ngazi ya gari, mwingine uko barabarani. Kinachofuata hakijapigwa picha.

Nijibu, hata neno moja.

Nila

*

SIMU YA MAANDISHI, 16 OKTOBA 1993
BARUA IMEFIKA. NANAY MZIMA. NGURUWE MZIMA. USIMWANDIKIE BURCIO WALA MTU MWINGINE. NITAELEZA. PURING

*

Lanipao
3 Novemba 1993

Mpendwa Manang wangu Nila,

Salamu nyingi sana, na afya njema. Jana tulikuwa makaburini kwa Tatay, tumesafisha, tumewasha mishumaa, tumekula wali pale pale kama kawaida. Nanay alimsimulia Tatay habari zote za mwaka, na mwaka huu zilikuwa nyingi.

Barua yako ilinikuta siku yenyewe ya safari. Nilikuwa nimesimama kwenye kituo cha basi la bandarini na begi, nimevaa gauni la bluu. Maestro alikuwa amevaa nyeupe juu mpaka chini, na kwapani ana mto wa kulalia. Mmoja. Nikautazama ule mto. Ndipo Manong Gorio wa posta akaja na baiskeli anahema, akasema, "Bi Puring, ya haraka, nimepita kwako nikaambiwa uko huku." Nikaisoma nimesimama. Maestro alikuwa anakula mkate wa Burcio, hajaupasua.

Nikamwuliza, "Maestro, nikikuvisha pete nawe ukaipoteza kwenye unga, utafanya nini?"

Akasema bila kufikiri, "Puring wangu, nitanunua nyingine kubwa zaidi."

Ni jibu zuri, Manang. Sijui kwa nini lilinichosha. Nilimfikiria mtu na uzi wake wenye fundo. Hakutaka kubwa zaidi. Alitaka ileile.

Nikamwambia Maestro nimesahau kitu jikoni. Kweli nilikuwa nimesahau. Nasikia amekwenda na Adoracion wa sauti ya pili, wakaimba vizuri. Mungu awabariki, na mto wao.

Nikaingia dukani na begi langu. Burcio alikuwa anakanda.

"Onyesha mkono," nikamwambia.

"Una unga."

"Naona una unga. Onyesha."

Akautumbukiza ndani zaidi, mpaka kwenye kiwiko. Nikamwambia, "Manang Nila amesema."

"Amesema nini?"

"Yote. Uzi, Quiapo, yote."

Akatazama msumari. Pete ilikuwa pale inang'aa, mshenzi mkubwa. Nikadhani atasema 'Haya.' Akasema, "Ulikuwa umetoka kumzika Tatay. Nikaona mwaka huo usipoteze kitu kingine tena."

Maneno kumi na moja. Niliyahesabu baadaye, nawe ulinifundisha kuhesabu. Pale pale sikuhesabu kitu, nilikuwa nalia kwenye unga, na yeye anasema, "Utaweka chumvi." Nikacheka na kamasi.

Nikamwuliza, "Na kwa nini uliniambia 'Haya' tu, nilipokuaga kwenda Bacolod?"

"Uliniambia unataka kuimba."

Basi, Manang, huyo ndiye mume wangu. Niliweka begi chini. Sasa ngoja, sijamaliza, hili ndilo lililonifanya nichelewe kuandika, maana kila nikianza nashindwa kushika kalamu.

Nanay akaingia kutaka mkate wa moto. Akatukuta, mmoja analia, mwingine mikono imezama kwenye unga. Akauliza nani amekufa. Nikamweleza, pete ya Burcio ya arusi, mwaka 1984, kwenye mkate. Nanay akatafuna, akameza.

"Pete gani?" akasema. "Ile ya mbwa?"

Nikamgeukia.

"Mbwa gani, Nanay?"

"Wa San Roque. Mwezi ule wa marehemu nilipasua mkate wangu, nikachungulia, nikaona pete. Nikajua baba yenu ameniletea. Sikusema, baraka ukiitangaza inakimbia. Nikaizungushia uzi mwekundu, nikamvika mbwa shingoni."

Manang, tulikimbia. Burcio alikimbia na unga mkononi. Iko pale, chini ya vumbi la miaka tisa, kwenye shingo ya mbwa, kati ya mkate wake na kifua chake. Nikaufungua uzi. Ndani ya pete imeandikwa B na P, 1976. Nilipita mbele yake kila siku na ufagio. Burcio alisimama mlangoni akaomba mji mzima uchungulie, na nyumbani kwake hakumwomba mtu, kwa sababu nyumbani ndiko alikokuwa anaficha.

Sasa kuna vita. Nanay anasema kilichokwisha kutolewa kwa mtakatifu hakirudi, na mbwa amezoea. Amemwita padre. Padre amesema atafikiri.

Nimekuandikia kwa kirefu kuliko maisha yangu yote. Burcio anakusalimu. Amesema, "Msalimie." Nampenda. Usimwambie mtu nimeandika hivyo.

Mdogo wako,
Puring

Wendell je?

*

Quezon City
30 Novemba 1993

Mpendwa Inday Puring,

Salamu za Majilio kwako, kwa Burcio, kwa Nanay mtunza mbwa, na kwa nguruwe ambaye naomba awe bado hai mpaka Noeli. Mimi ni mzima, mafua yamekwisha, na viatu vimepona.

Barua yako niliisoma kazini wakati wa kahawa. Nilipofika kwa mbwa niliangusha kikombe. Ludy akauliza nini, nikamsomea, na sasa Ludy naye anapasua mkate. Jana hakupata kitu, akasema ndio kwanza siku ya kwanza.

Filamu imekamilika, tumeoneshwa Ijumaa. Wendell alirudi. Nikuambie alivyorudi. Pale alipokuwa na mguu mmoja kwenye ngazi ya Vonda, kiatu kilinata kwenye aiskrimu iliyomwagika. Akavuta, hakikutoka. Akavuta tena, mguu ukatoka, kiatu kikabaki. Gari likaondoka na kiatu chake. Akatembea mji mzima na soksi moja mpaka kwake, akamkuta Dottie jikoni, akamwambia ukweli wote, hata wa yale macho. Dottie akatia mkono kwenye mfuko wa aproni akaitoa pete. Alikuwa ameikuta kwenye bakuli lake la aiskrimu siku ya kwanza. Alikuwa anamsubiri aseme. Sijui hawa Wamarekani walipata wapi habari zetu.

Nililia, Bwana Purdy akanipa leso yake, kubwa kama shuka.

Na kitu kimoja, hiki sijakiungama bado. Nilikwangua vidole mia tatu na kumi na moja. Vilikuwa mia tatu na kumi na mbili. Kimoja nilikiacha, pale pale kwenye ngazi ya gari, mguu mmoja juu, mmoja chini, mkono umeshika mlango. Mang Isko anayekagua aliisimamisha ile plastiki kwenye taa, akaitazama, akanitazama mimi, akapiga muhuri wake akaita inayofuata. Kwenye filamu inapita haraka mno. Mtu akipepesa macho haioni. Ijumaa mimi sikupepesa. Alikuwa na pete yake.

Tafadhali nijibu upesi. Nataka kujua padre alisema nini, Burcio amevaa ipi, na mbwa amebaki na ipi.

Manang wako akupendaye,
Nila